Mwanamke Anavua Mbele ya Watu

Machi 2

Mdogo wangu mpendwa,

Huku hatujambo, na yaliyopo ni yale yale ya kila siku. Jino la shemeji yako limeng'olewa hatimaye, baada ya kulibembeleza mwaka mzima, na sasa anazunguka nyumba nzima ameshika shavu, anataka vyakula laini na huruma. Bati la saluni limeanza tena kuvuja, pale pale juu ya kiti cha pili, kwa hiyo mvua ikinyesha nasuka kwa kiti kimoja na wateja wananuna kana kwamba mvua nimeileta mimi.

Mwanao Hakimu hajambo. Amerefuka. Zamani nilimsuka akiwa kwenye kigoda, sasa lazima akae sakafuni, la sivyo kichwa sikifikii. Jina ulilompa akiwa na miaka mitatu, alipokuwa anakagua sahani za watu wote na kutangaza nani kapunjwa, bado linamfaa. Juzi kaonja mboga yangu, kaweka kijiko chini, akasema, "Chumvi ina hatia." Shemeji yako alicheka mpaka kidonda cha jino kikamkumbusha.

Sasa sikiliza kilichonifanya nishike kalamu badala ya chanuo. Kuna kikundi cha michezo ya kuigiza kimekuja katika ukumbi wa mji. Darasa la Hakimu litapelekwa Ijumaa moja mwezi huu. Mwalimu wao wa darasa anasema mchezo wenyewe una mambo ya kikubwa kidogo, kwa hiyo kila mtoto alete idhini ya nyumbani. Vizuri. Nikavua aproni yangu, nikaenda shuleni mwenyewe, nikasema nimeruhusu. Mwalimu akanitazama juu ya miwani yake. "Wewe ni mlezi, mama," akasema. "Tunahitaji mzazi."

Mlezi. Nilisimama pale kama niliyesahau nilichofuata. Surua ilipomshika huyu mtoto, nilikesha naye mimi, na homa haikuuliza nani mzazi. Ada, sare, kikohozi, mikutano ya shule ambayo mwalimu huyo huyo ananiita "mama Hakimu" mbele ya watu, yote ni yangu. Ila kuangalia watu wakiigiza kwa saa mbili tu mchana, hapo mimi si mtu. Nimerudi nyumbani nimekunja uso mpaka wateja wakaogopa kusema nywele zimebana.

Basi andika idhini, uniletee kwa posta au kwa yule dereva wa lori la sabuni anayepita huku. Mimi sioni ubaya. Mwigizaji mkuu anasuka kwangu, ni mwanamke mwenye adabu zake, na anasema ni mchezo wa mambo ya kifamilia.

Halafu kuna lile jambo jingine. Shule zinafungwa Julai. Ulisema mkataba wako ukiisha mwaka huu unarudi moja kwa moja, na kwamba mara hii si likizo. Hakimu hajaniuliza, lakini mimi nakuuliza.

Ni mimi dada yako, ambaye kumbe miaka yote hii nilikuwa mlezi.


Machi 23

Dada, shikamoo.

Nimefurahi jino limetoka. Mpe shemeji pole, na umwambie ale upande mmoja. Mimi mzima, ila mikono imechubuka. Mashine kubwa ya kukaushia imekufa, tunaanika mashuka ya hospitali nzima nje uwanjani, na upepo wa huku unatembea na vumbi lake. Tunafua asubuhi, vumbi linapaka mchana, tunafua tena. Wagonjwa wanalalamika shuka zinakwaruza. Msimamizi wetu amezeeka, ameacha kugomba, anaangalia tu.

Sasa dada, naandika kwa heshima zote, ila leo heshima yenyewe imenikwama kooni.

Barua yako ameileta dereva wa sabuni. Baada ya kunipa, akajishika kiuno akaniambia, "Mama, kule mjini kwenu kuna maajabu. Kuna mchezo, mwanamke anavua mbele ya watu. Anavua tangu mwanzo mpaka mwisho, na watoto wa shule wamekaa mbele kabisa wanapiga makofi." Nilikuwa na ndoo mkononi. Niliiweka chini taratibu ili nisiitupe.

Anavua, dada. Mbele ya mtoto wa miaka kumi na mitano. Na huyo anayevua ndiye unayeniambia ana adabu zake? Kwani akija saluni kwako anavua pia? Na wewe unaniandikia kurasa mbili kunililia kwamba mwalimu amekuita mlezi, wakati mwalimu huyo ndiye pekee hapo mjini aliyekuwa na akili ya kuuliza. Mwambie simjui lakini namshukuru.

Wewe ndiye uliyenilea baada ya mama. Ulinirudisha ndani nibadilishe gauni kwa sababu halikuwa na mikono, na nilikuwa nakwenda kununua kiberiti, duka lenyewe linaonekana kutoka mlangoni petu. Kiberiti, dada. Leo mwanangu unataka kumkalisha safu ya mbele aangalie mtu akivua, kisha apige makofi. Umepatwa na nini? Au ni hiyo saluni, kusikiliza kila kinachosemwa mpaka masikio yakafa ganzi?

Jibu langu ni hapana. Sikumwacha mwanangu kwako kwa ajili hiyo. Wakienda wenzake, abaki asome.

Karatasi imekwisha. Msalimie Hakimu, mwambie nampenda na asome kwa bidii.

Mdogo wako, mwenye uchungu.


Aprili 10

Mdogo wangu,

Leo salamu zitangoja. Samaki. Anavua samaki.

Ana wavu, mwenyewe kanieleza yote. Wametandaza kitambaa cha buluu jukwaa zima, watu wawili wanakishika pembeni na kukitikisa ili kiwe maji, na yeye anasimama katikati anavuta wavu. Amevaa gauni mpaka kwenye vifundo vya miguu, juu yake koti zito, na kichwani kilemba. Nguo alizovaa zingemtosha bibi harusi na wapambe wake wote. Huyo ndiye mwanamke wako anayevua tangu mwanzo mpaka mwisho. Anaigiza mama aliyekwenda ng'ambo ya ziwa kufanya kazi ya uvuvi.

Dereva wako nimemkamata alipopita kushusha mizigo. Nikamuuliza, mchezo umeuona? Akaanza kukuna kichwa. Hakuuona. Alimsikia muuza tikiti akimsifu, "Yule mama anavua vizuri, utadhani kazaliwa kwenye maji," na yeye akabeba nusu aliyoipenda. Neno lilipofika kwako lilikuwa limeshavua kila kitu.

Na sijamaliza. Barua yako niliisoma kwa sauti pale saluni. Naomba radhi kwa hilo, lakini huwa nasoma zote kwa sauti, wateja wanakujua kuliko unavyodhani, na sikujua hii inakokwenda. Mwigizaji mwenyewe alikuwa kitini, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Nikafika pale uliposema, "Kwani akija saluni kwako anavua pia?" Mdomo ulishasema kabla macho hayajanizuia. Yule mwanamke akanitazama kwenye kioo, akasema, "Huwa navua kilemba."

Nilitamani bati lianguke lote linifunike.

Wenzake walikwenda. Hakimu alibaki darasani peke yake, mwalimu akampa kazi ya kupanga vitabu kabatini. Walirudi wakiimba na kuvuta wavu wa hewani, na kwa wiki nzima hakuna mchezo mwingine uwanjani isipokuwa huo. Nilimwonea huruma. Nikamuuliza kama amekasirika. Akasema, "Kesi imesikilizwa upande mmoja," akaenda kufua sare yake. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

Bahati yako, kikundi kinazunguka miji mingine na kitarudi katikati ya Mei, na shule itapeleka wale waliokosa. Andika upya. Na safari hii, ukisikia mtu anavua, uliza kwanza anavua nini.

Sasa salamu. Sote wazima. Na swali langu la kurudi kwako umeliruka kama mtu anayeruka dimbwi. Nimeona.

Dada yako.


Aprili 29

Dada, shikamoo, na ukiitikia itikia polepole, bado nina aibu.

Niombee radhi kwa yule mama. Mwambie siku nikimuona nitampigia pasi hilo koti la uvuvi kwa mikono yangu. Dereva nilimngoja getini. Nikamwambia, ukisema mtu anavua, malizia anavua nini, wewe ni mtu mzima na una watoto. Akanijibu, "Mbona na wewe hukuniuliza?" Jibu lake sikulipenda, nikamhesabia katoni za sabuni moja moja mpaka akatoka jasho.

Basi mimi, mama mzazi wa Hakimu, nasema hivi: mpeleke. Nimeruhusu, tena kwa wino. Mwonyeshe mwalimu mwenye miwani mstari huu, na mwambie aliyeuandika ni mzazi.

Katika lori hili hili nimempa dereva kiboksi. Ni viatu vya Hakimu, vyeusi, vya ngozi, vya kufunga kamba. Nimevichagua mwenyewe, nimevikunja nimeona vinakunjika vizuri, na nimeacha vizidi kidogo ili avitumie mpaka mwaka ujao. Mwambie avipake rangi kila Jumapili.

Mashine ya kukaushia imepona. Msimamizi wetu anastaafu. Wiki iliyopita wakubwa waliniita ofisini, wakanipa kiti, jambo ambalo halijawahi kutokea, wakaniuliza mambo mawili matatu. Niliporudi kwenye mashuka nikakuta wenzangu wameacha kazi wananitazama.

Ndiyo hivyo. Msalimie shemeji. Jino jipya haliwezi kuota, asikae akisubiri.

Mdogo wako.


Mei 16

Mdogo wangu mpendwa,

Hatujambo. Shemeji yako anatafuna tena, na bati limezibwa kwa lami na kipande cha ndoo. Halipendezi lakini kiti cha pili kimerudi kazini.

Viatu vimefika. Ni vizuri, vinang'aa. Havimwingii. Aliingiza vidole, kisigino chote kikabaki nje. Akavitoa, akavigeuza, akatazama soli, kisha akatazama tarehe ya barua yako iliyokuwa mezani. Akasema, "Mwambie mama asante," akavirudisha ndani ya boksi akakunja na karatasi yake. Vimempata mtoto wa jirani, aliye darasa la tano.

Kikundi kimerudi. Kwa kuwa safari hii nilitaka kuwa mtu wa kuuliza kwanza, nilikwenda kuuona mchezo mwenyewe kabla ya mtoto. Mwigizaji alinipa tikiti mbili, ameshatusamehe. Shemeji yako alilala kabla mwanga haujazimwa vizuri. Mimi sikulala.

Nimebadili mawazo. Haumfai.

Najua utaruka juu. Hakuna anayevua kitu chochote isipokuwa samaki. Hakuna tusi, hakuna mlevi, wanasalimiana kuliko sisi. Ni yule mama aliyekwenda ng'ambo kuvua, na mtoto wake wa kike aliyemwacha kwa dada yake. Mengine sitakuandikia, na mwisho wake hasa sitakwambia, kwa sababu ukiujua utanijibu kwa ajili ya mchezo, na mimi nataka unijibu kwa ajili ya mtoto.

Nina hasira na wewe, mdogo wangu, na nimechoka kuifunika kwa habari za bati. Machi nilikuuliza kama unarudi, ukaniandikia habari za mashuka. Aprili nikakuuliza, ukaniandikia habari za dereva. Miaka minne umekwenda, na mara mbili tu umekuja, siku chache kila mara, mtoto analala na kamba ya begi lako mkononi. Hilo hukulijua kwa sababu ulikuwa umelala. Mimi ndiye niliyekuwa naingia kumfunika.

Kwa hiyo nijibu. Unarudi shule zikifungwa, au hurudi? Kama unarudi, ule ni mchezo tu, nitampeleka mwenyewe na soda nitamnunulia. Kama hurudi, kwake hautakuwa mchezo. Zamu yao ni Ijumaa ya kwanza ya Juni. Sitaki maelezo, wala kiboksi. Neno moja linanitosha. Niandikie mpeleke, au niandikie usimpeleke.

Dada yako.


Mei 31

Dada, shikamoo. Huku wote wazima.

Nilidhani nina dada msusi, kumbe nina mwendesha mashtaka.

Machi mchezo ulikuwa mzuri na mimi mama niliye mbali nilikuwa nachelewesha mambo. Aprili ulinicheka mbele ya kichwa cha mtu. Nikameza, nikaruhusu kwa wino. Mei, mchezo ule ule, kitambaa kile kile cha buluu, umekuwa haufai. Haukubadilika mchezo. Umekaa kitini ukaniona mimi jukwaani, ukapenda ulichokiona.

Na mwisho wake usinifiche, naujua. Huyo mama anapotelea huko. Au anaolewa huko, au anakufa ameshika wavu, na mtoto anasimama mbele anasema hakuwahi kumjua. Watu wanatoka wakifuta macho na kusema wanawake wa siku hizi hawana moyo. Nani aliyekaa kivulini akaandika hayo? Aje asimame kwenye boila ya kuchemshia maji na mimi adhuhuri moja tu. Aje akunje shuka la mtu aliyekufa asubuhi, alifue, alinyooshe, mchana likatandikwe kwa mtu mwingine, na afanye hivyo kila siku huku anawaza mwanawe anakula nini. Kisha aandike.

Sikuondoka kwa kupenda kutembea. Baba yake alipofariki mlikaa nyote sebuleni kwako, wewe na shemeji na wakubwa wote, mkaniambia nenda, sisi tupo. Sauti iliyotangulia kusema nenda ilikuwa yako. Nikaenda. Leo kule kwenda kumekuwa mchezo wa watu kukatia tikiti, na wewe umepewa yako bure. Na mkitoka ukumbini mnarudi saluni mnanisuka mimi, mstari kwa mstari, mpaka kichwa kiishe.

Halafu viatu. Unaniandikia kisigino kimebaki nje kana kwamba nimemkata mimi. Ungeniandikia mguu wake ni namba ngapi ningenunua namba hiyo. Hukuandika hata siku moja. Barua zako ni jino, bati, jino, bati, na mtoto amerefuka. Amerefuka kiasi gani? Mpaka wapi kwenye mlango? Mimi namnunulia viatu mtoto niliyemwacha kwa sababu huyo ndiye ninayemjua.

Kuhusu kamba ya begi, sikuwa nimelala.

Wamenipa usimamizi. Sikukwambia kwa sababu ningekwambia ungeuliza. Nina funguo za stoo, na nyumba yenye vyumba viwili na mlango wake wa peke yake.

Mkono umechoka. Umetaka neno moja.

Usimpeleke.

Mdogo wako.


Juni 21

Mdogo wangu,

Marahaba.

Sote wazima, na habari za bati leo sina. Barua yako imefika wiki moja baada ya ile Ijumaa. Neno lako nimelisoma na nimelielewa, huna haja ya kulirudia. Ila mtoto alikwenda.

Nilikuwa nimemkatalia. Asubuhi ile nilimwambia, hatujajibiwa bado kwa hiyo huendi. Akaniuliza nani amekataa. Nikasema mimi. Akasema, kwa upole kabisa, akifunga kamba za viatu vyake vya zamani, kwamba barua yako ya Aprili ameshaichukua pale ninapoziweka chini ya kioo, mwalimu ameshauona mstari wa wino, na ruhusa ya mzazi imetosha. "Wewe ni mlezi, mama mkubwa," akasema. Hakuwa na ubaya. Alikuwa ananikumbusha sheria. Sijapigwa kofi tangu utotoni, lakini lile lilikaa shavuni mpaka mchana.

Saa ya mchezo ilipofika sikuweza kukaa. Nilimwacha mteja kichwa kimesukwa upande mmoja nikaenda ukumbini hivyo hivyo na aproni. Mwigizaji akaniingiza kwa mlango wa pembeni, nikasimama karibu na pazia. Jukwaa sikuliangalia hata mara moja. Niliangalia uso wa mtoto, safu ya nne, kando.

Sasa nakwambia mwisho wake. Hafi, wala haolewi. Mama anarudi. Taa za jukwaani zinapunguzwa, yule mtoto wa mchezoni amebaki peke yake, na mara mlango mkubwa ulio nyuma ya watazamaji unafunguliwa. Mama anaingia kutoka huko, anapita katikati ya viti na wavu begani, na mtoto anaruka kutoka jukwaani kumkimbilia. Watu wanasimama, wanapiga makofi, wengine wanalia. Hicho ndicho nilichokiogopa. Kukuaibisha hakukunijia akilini hata kidogo, ingawa hasira yako naielewa. Niliogopa kwamba mlango ule utafunguliwa, na mtoto wetu atageuka kuutazama, na baada ya siku ile atakuwa anageuka kila mlango ukifunguliwa.

Mlango ulifunguliwa. Ukumbi mzima uligeuka, mpaka mwalimu mwenye miwani. Yeye hakugeuka. Alikaa amekunja mikono, anatazama jukwaa lisilo na mtu.

Tulirudi kwa miguu. Nikamuuliza ameuonaje mchezo.

"Haufai kwa watoto," akasema.

Nikajaribu kumchekesha. "Kwani kuna aliyevua?"

"Mama anarudi," akasema. "Walio wadogo wataamini."

Nilisimama palepale katikati ya njia. Nikamuuliza nani amemwambia kwamba wewe hurudi, maana mimi mwenyewe nilikuwa bado naingoja barua yako. Akasema hakuna aliyemwambia. "Mtu anayerudi Julai hatumi viatu Aprili," akasema. "Anakuja navyo." Akaruka dimbwi, akageuka kunipa mkono na mimi niruke.

Nilikuwa nimejiandaa kukuandikia kwa hasira zaidi ya ile ya Mei. Nilikuwa na maneno ya kukutoa jasho, kuanzia hayo ya sebuleni kwangu. Ni kweli nilitangulia kusema nenda. Lakini tangu Machi mimi na wewe tunavutana nini kinamfaa na nini hakimfai, posta inakwenda na kurudi, na yeye alishakata kesi kwa kutazama soli ya kiatu. Sijui tena ni nani wa kumkasirikia, na hilo nalo linanikasirisha.

Hongera kwa usimamizi. Nasema kwa moyo, ungeniambia mapema ningeshangilia saluni nzima. Umeandika nyumba ina vyumba viwili. Hukusema cha pili ni cha nani. Usinijibu mimi. Mwandikie mwenyewe, na jina lake liwe juu ya bahasha, sitaifungua wala sitaisoma kwa sauti. Mwandikie lolote, lakini liwe la kweli, huyu hadanganyiki. Jibu likiwa atakuja kwako, nitamfungia begi mimi, na sitakuficha kwamba nitalia.

Kwenye fremu ya mlango wa jikoni anafika juu ya kitasa cha juu, usawa wa sikio langu. Kiatu anavaa namba arobaini.

Dada yako.